Nauli Itokayo Katika Deni

Idara ya serikali ya Marekani inayofua sarafu ilipata, katika mwaka 2008, wazo lililoonekana kuwa jema kabisa: kwa kuwa raia walikuwa wameing'ang'ania noti ya dola moja na kuipa kisogo sarafu ya thamani hiyo hiyo, basi sarafu hizo ziuzwe kwa posta, kwa bei ya dola moja kila moja, gharama ya kuzipeleka ikiwa juu ya serikali, na mnunuzi aruhusiwe kulipa kwa kadi ya mkopo. Haukupita muda ila masanduku ya sarafu yalianza kumiminika katika nyumba za watu wasiokuwa na haja ya sarafu hata moja. Walizipokea mlangoni, wakazipakia garini, wakazipeleka benki zikiwa bado zimefungwa, na kwa fedha ile ile wakalipa deni la kadi kabla halijazaa riba. Walichobaki nacho baada ya mzunguko huo wote ni maili za ndege, maana kila dola iliyopita katika kadi iliwaandikia maili moja au zaidi. Na kwa maili hizo wakasafiri masafa marefu kwa gharama ndogo mno. Mwaka 2011 serikali ikakata shauri kwamba anayetaka sarafu hizo atanunua, ila kwa kadi ya mkopo hatanunua.

Nakitaja kisa hicho kwa kuwa kinadhihirisha jambo ambalo matangazo ya benki hulifunika kwa picha za pwani na glasi za vinywaji baridi, nalo ni kwamba pointi za safari hazimtaki mtu awe msafiri. Zinamtaka awe karani. Anayezichuma kwa wingi ni yule anayepitisha katika kadi fedha ambazo angezitumia hata hivyo, akalipa deni lote kwa wakati, na akatunza daftari lake vizuri kuliko benki ilivyomdhania.

Asili ya mambo haya ni ushindani wa mashirika ya ndege. Hadi mwaka 1978 serikali ya Marekani ndiyo iliyosimamia nauli na njia za ndege za nchini. Sheria ilipobadilishwa mwaka huo na kila shirika likaachiwa lijipangie, abiria wakawa hawana uaminifu kwa yeyote, leo humu kesho mle, maadamu bei ni nafuu. Ndipo American Airlines, tarehe 1 Mei 1981, ilipoanza kuwahesabia abiria wake maili walizosafiri, ili anayezidi kusafiri nayo apate mwishowe kiti cha bure, na United ikafuata baada ya siku chache. Mwaka 1987 American ikaungana na Citibank kutoa kadi ambayo kwayo hata asiyepanda ndege aliandikiwa maili kwa kununua mkate na mafuta ya gari. Tangu hapo maili ikaacha kuwa kipimo cha masafa. Ikawa fedha ya namna yake, inayotengenezwa na shirika la ndege na kununuliwa na benki.

Na ni fedha nyingi. Ugonjwa wa korona ulipozilaza ndege mwaka 2020, United ilikwenda kukopa dola bilioni 6.8, na dhamana iliyoiweka ilikuwa mpango wake wa maili, ambao kwa makadirio yaliyotolewa wakati ule ulikuwa na thamani kubwa kuliko shirika lenyewe katika soko la hisa. Delta, katika mwaka 2023, ilipokea kutoka kwa American Express karibu dola bilioni 7. Anayedhani kuwa kiti cha bure ni sadaka, na atazame hesabu hizo kwanza.

Benki nayo huzitoa wapi fedha hizo? Mwenye duka wa Marekani anapopokea kadi kwa bidhaa ya dola mia, haziingii mfukoni mwake dola mia kamili; takriban dola mbili hukatwa njiani, na sehemu kubwa ya makato hayo huiendea benki iliyotoa kadi, nayo humega kipande na kumrudishia mteja kwa jina la pointi. Umoja wa Ulaya, mwaka 2015, uliwekea makato ya benki kikomo cha senti thelathini katika kila euro mia, na ndiyo sababu ndugu aliye Hamburg akimsikia wa Houston akisimulia jinsi alivyokwenda nyumbani kwa pointi, hudhani mwenzake anatia chumvi. Mwenye duka, naye, hakubali hasara. Hupandisha bei kidogo, na bei hiyo hulipwa na kila anayeingia, mwenye kadi na asiye nayo. Wachumi wa Benki Kuu ya Marekani, tawi la Boston, walikadiria mwaka 2010 kwamba nyumba inayolipa kwa fedha taslimu huchangia kwa wastani dola 149 kila mwaka kwa njia hiyo, na nyumba inayolipa kwa kadi hupokea dola 1,133. Kwa maneno mengine, mfagiaji asiyekuwa na benki humsaidia daktari nauli ya kwenda kupumzika. Sijasikia tangazo linalolitaja hilo.

Chemchemi ya pili ni riba, na hapa ndipo wengi wanapozama. Riba ya kadi za Marekani, katika miaka hii, imepita asilimia 20 kwa mwaka. Mtu aliyetumia dola 3,000 kwa kadi inayompa pointi moja kwa dola amejipatia pointi 3,000, ambazo kwa kawaida huwa na thamani ya dola 30 hivi; lakini akiliacha deni hilo mwezi mmoja tu, kwa riba ya asilimia 22, atadaiwa dola 55. Fauka ya hayo, mwenye kubakisha deni hupoteza muhula, yaani zile siku za neema ambazo manunuzi mapya hukaa bila riba. Kuanzia hapo hata kibaba cha mchele alichonunua leo huanza kuhesabiwa riba leo leo. Kwa hiyo nasema bila ya kuzunguka: mwenye deni la kadi asilolimaliza kila mwezi, mlango huu si wake, na pointi zitamgharimu kuliko tiketi.

Tumchukue basi yule asiye na deni, tuseme muuguzi wa Kitanzania aliyeko Columbus, Ohio. Alipofika hakujulikana; hata kama alikuwa mteja mwaminifu wa benki ya Dar es Salaam kwa miaka ishirini, taarifa za uaminifu huo hazikuvuka bahari pamoja naye, na aghalabu mgeni wa namna hii huanza kwa kadi ya amana, ambayo kwayo huweka benki dola mia mbili au tatu zake mwenyewe ili akopeshwe kiasi hicho hicho. Huko ndiko kunakozaliwa alama zake za ukopaji, zinazokwenda kutoka 300 hadi 850. Katika kipimo kinachotumiwa na benki nyingi, asilimia 35 ya alama hutokana na kulipa kwa wakati, asilimia 30 na kiasi cha deni kikilinganishwa na kikomo alichowekewa, asilimia 15 na umri wa akaunti zake, na zilizobaki hugawanywa sawasawa baina ya maombi mapya na aina za mikopo aliyo nayo.

Kwa mpango huo hutokea ajabu moja inayowashangaza wazee wetu, kwamba mwenye kadi nyingi anaweza kuonekana mwaminifu kuliko mwenye moja. Akiwa na kadi moja ya kikomo cha dola 5,000 na akatumia 2,000, amegusa asilimia 40 ya alichokopeshwa, na benki hukunja uso. Akiwa na kadi tatu zenye kikomo cha jumla ya dola 20,000, matumizi yale yale ni asilimia 10, na alama hupanda. Walakini kila ombi jipya huacha doa dogo linalokaa miaka miwili katika taarifa zake, na kuchelewa kulipa kwa siku thelathini huacha doa kubwa la miaka saba.

Faida yenyewe kubwa haipatikani kwa kununua mchele mwaka mzima. Hupatikana kwa zawadi ya kufungulia kadi: tumia, mathalan, dola 4,000 katika miezi mitatu ya mwanzo, upewe pointi 60,000 kwa mkupuo. Benki ya Chase ilipotoa kadi yake ya Sapphire Reserve mwezi Agosti 2016, kwa zawadi ya pointi 100,000, waombaji walifurika hata madini ya kutengenezea kadi yakaisha, na mkuu wa benki, Jamie Dimon, akakiri mwishoni mwa mwaka kwamba kadi ile ingepunguza faida ya robo mwaka kwa dola milioni 200 hadi 300. Benki nazo zimekaza kamba. Chase inajulikana kumkatalia aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, katika miezi ishirini na minne iliyopita. American Express huitoa zawadi ya kadi moja mara moja tu katika umri wa mtu. Ndiyo maana mpangilio una maana: mwenye akili huanza na kadi za benki yenye masharti makali, akaziacha nyingine zisubiri, na baina ya kadi na kadi huweka miezi kadhaa.

Na sasa daftari. Muuguzi wetu anahitaji ukurasa mmoja tu, wa karatasi au wa simu, wenye safu chache: jina la kadi, siku ilipofunguliwa, tarehe hesabu ya mwezi inapofungwa, tarehe ya mwisho ya kulipa, kiasi cha kutumia ili apate zawadi na siku ya mwisho ya kukitimiza, ada ya mwaka na mwezi inapokatwa. Tuseme ana kadi tatu. Ya kwanza hesabu yake hufungwa tarehe 8 na mwisho wa kulipa ni tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Ya pili hufungwa tarehe 19 na kulipwa kufikia tarehe 14. Ya tatu, tarehe 27 na tarehe 22. Sheria ya mwaka 2009 inailazimisha benki ipeleke hesabu siku ishirini na moja au zaidi kabla ya tarehe ya kulipa, na tarehe hiyo isirukeruke mwezi hata mwezi. Kwa hiyo kitu kilichonunuliwa kwa kadi ya kwanza tarehe 9, kesho yake baada ya hesabu kufungwa, hakitaonekana hadi tarehe 8 ya mwezi ujao, na hakitalipwa hadi tarehe 3 ya mwezi wa pili yake: zaidi ya siku hamsini za mkopo usio na riba. Kitu kile kile kikinunuliwa tarehe 7 kina muhula usiofika siku thelathini. Tofauti ni ya siku mbili tu.

Tarehe hizo mbili, ya kufunga na ya kulipa, huchanganywa na watu wengi, ilhali zina kazi mbalimbali. Deni linalopelekwa kwa watunza taarifa za ukopaji kwa kawaida ni lile lililoonekana siku ya kufunga. Kwa hiyo anayetaka alama zake zing'are kabla ya kuomba mkopo wa nyumba hulipa sehemu kubwa kabla ya siku hiyo, wala hasubiri siku ya mwisho. Kisha, kwa kila kadi, aiagize benki ijikatie yenyewe kila mwezi kutoka akaunti yake ya kawaida, na katika kuagiza achague kulipa hesabu yote. Fomu nyingi humpa pia nafasi ya kulipa kiwango cha chini kabisa. Anayechagua hicho kwa haraka hukaa miezi akidhani amelipa, na riba inajiandikia.

Kuna mitego ambayo Mswahili aliye ughaibuni huiangukia kuliko Mmarekani, kwa sababu ya desturi zetu. Wa kwanza ni kutuma fedha nyumbani. Mama anaumwa, ada ya shule imefika, na kijana anaona kwamba akituma dola 400 kwa kadi ya mkopo atapata na pointi 400 humo humo. Benki nyingi huuhesabu mpeleko huo kuwa ni kuchukua fedha taslimu: pointi hazipatikani, ada maalumu hukatwa papo hapo, na riba, ambayo aghalabu ni kubwa kuliko ile ya manunuzi, huanza siku ile ile bila ya muhula wowote. Fedha za nyumbani zitumwe kwa akaunti ya benki au kadi ya akiba, na pointi zisahauliwe.

Wa pili una utamu zaidi, nao ni mchango. Harusi au msiba ukitokea katika jumuiya, mmoja huteuliwa kukusanya, na huyo akiwa mwerevu hupokea fedha za wenzake na kuulipia ukumbi na chakula kwa kadi yake, akatimiza dola 4,000 za zawadi kwa siku moja. Sioni ubaya, maadamu wenzake wanajua na mwenye ukumbi haongezi asilimia tatu kwa wanaolipa kwa kadi. Ila fedha za watu na zikae katika akaunti ya pembeni hadi siku ya kulipa deni. Nimeona michango iliyoanza kama hila ya pointi ikaishia katika baraza la wazee.

Wako pia wanaouliza habari ya dini, na swali lao ni la haki. Mkataba wa kadi una sharti la riba kwa mwenye kuchelewa, na wanavyuoni wamekhitalifiana: wako wanaosema kwamba kuliridhia sharti hilo kwa kutia sahihi tu hakujuzu, hata kama mtu hatachelewa abadan, na wako wanaoruhusu kwa aliyeazimia na anayeweza kulipa yote kabla ya muhula kwisha. Kila mtu na amuulize amwaminiye. Mimi nasema tu kwamba mwenye shaka asiitulize kwa kutazama ukubwa wa zawadi.

Baada ya kuchuma huja kutumia, na huku ndiko wengi wanakotupa walichokichuma. Pointi za Chase na za American Express zinaweza kuhamishiwa katika mipango ya mashirika ya ndege, na thamani yake hapo aghalabu huzidi ile ya kuzibadilisha kwa fedha au, vibaya zaidi, kwa vocha za maduka. Kwa anayekwenda kwetu njia si chache. Ethiopian ni mwanachama wa Star Alliance, muungano ambamo United nayo imo, tangu mwaka 2011, kwa hiyo maili za United zinaweza kumnunulia mtu kiti kutoka Washington hadi Addis Ababa, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi au Mombasa. Mpango wa Flying Blue, wa Air France na KLM, hupokea pointi za benki zote mbili, na ndege ya KLM kutoka Amsterdam inafika Kilimanjaro na Dar es Salaam. Kenya Airways nayo ni mwanachama kamili wa SkyTeam, muungano wa Air France na KLM, tangu 2010. Qatar Airways iliingia katika sarafu ya Avios mwaka 2022, ambayo ndiyo ya British Airways pia, na kutoka Doha husafirisha watu hadi miji yetu ya pwani.

Lakini uhamishaji huo ni wa kwenda tu. Pointi zikishakuwa maili za shirika fulani, hazirudi benki. Kwa hiyo kiti hutafutwa kwanza, kikaonekana kwa macho, tarehe na saa, ndipo pointi zihamishwe. Anayehamisha kwanza kwa kusikia kwamba wiki hii kuna nyongeza ya asilimia ishirini anaweza kujikuta na maili laki moja zisizo na kiti, hasa mwezi Desemba, ambapo familia ya watu watano inatafuta viti vitano katika ndege moja na mashirika yanajua hivyo. Delta iliacha kutangaza jedwali la bei za maili mwaka 2015 na United mwaka 2019, na bei hupanda bila ya hodi. Kuzirundika pointi miaka na miaka kwa ajili ya safari isiyo na tarehe ni kuziacha ziliwe na mchwa. Kadhalika msafiri atazame kodi na nyongeza za mafuta kabla ya kubonyeza, kwani yako mashirika yanayotoza mamia ya dola juu ya tiketi iitwayo ya bure.

Ada ya mwaka ni jambo la kutazamwa mara moja kwa mwaka, katika mwezi ulioandikwa daftarini. Kadi ya dola 95 inaweza kujilipia. Ile ya dola mia kadhaa, yenye vyumba vya kupumzikia uwanjani na marejesho ya hoteli, inamfaa asafiriye mara kwa mara, wala haimfai aendaye nyumbani kila baada ya miaka miwili. Asiyeitaka tena asiikatishe kwa pupa, kwani kikomo chake kitapungua na uwiano wa deni kupanda. Apige simu benki na kuomba ibadilishwe iwe kadi isiyo na ada ya benki hiyo hiyo, umri wake ukabaki ule ule. Afanye hivyo baada ya mwaka wa kwanza kutimia, maana benki nyingine huichukua tena zawadi kwa aliyeondoka mapema.

Na akifika Zanzibar, mezani pa hoteli, mashine ikamuuliza kama atalipa kwa dola au kwa shilingi, achague shilingi, kwani kwa dola ubadilishaji hufanywa na mashine ile kwa bei yake yenyewe, ambayo huwa mbaya kuliko ya benki. Kadi anayoitoa hapo iwe ile isiyotoza ada ya manunuzi ya nje, ambayo katika kadi nyingi za kawaida ni asilimia tatu hivi. Na kabla ya kuitoa aulize kama hoteli yenyewe inaongeza chochote kwa anayelipa kwa kadi, maana ziko zinazoongeza, na hapo fedha taslimu huwa nafuu.